Familia Ikiyumba, Nani Atangulie: Ukoo au Ustawi?

Chukua familia moja ya Korogwe. Mama yuko Muscat, mwaka wa tatu sasa anafanya kazi za ndani, na kila mwisho wa mwezi hutuma fedha kwa simu. Baba ameoa tena na kuhamia Dar es Salaam. Binti yao wa miaka 13 analelewa na bibi mzaa mama, nyumba moja na mjomba wake ambaye bado hajaoa. Muhula huu binti amebadilika. Anasinzia darasani, hachezi na wenzake, alama zimeporomoka. Mwalimu wa malezi ameandika barua. Baba, aliyekuwa kimya muda wote huo, sasa anasema anamtaka mwanawe. Mama anapiga simu usiku, analia, anakataa. Bibi anasema mtoto akiondoka, fedha ya matumizi itaondoka naye, na yeye ana kisukari. Wazee wameitisha kikao Jumapili. Ijumaa, afisa wa ustawi wa jamii akabisha hodi.

Familia hii nimeitunga, na wanne watakaoizungumzia hapa nimewatunga pia. Hoja zao sikuzitunga. Husikika kwenye ofisi za kata, kwenye vibaraza vya wazee na kwenye foleni za mahakama za mwanzo, na kila upande huondoka ukiamini kwamba mwenzake ndiye anayeharibu familia. Nimewakalisha pamoja ili wasikilizane.

MZEE WA UKOO: Binti yangu, sina ugomvi na kazi yako, nina ugomvi na haraka yake. Barua ya shule imeandikwa Jumanne, leo Ijumaa umeshafika na faili. Kuna msemo: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Wewe hujui kwamba bibi huyu alizika wanawe wawili na kulea wajukuu wote waliobaki. Hujui kwamba baba wa mtoto ana deni la mahari mpaka leo, na kwamba hilo ndilo linalomfanya ashindwe kukanyaga kwa wakwe zake. Sisi tunajua. Na tunayo nguvu ambayo hakimu hana. Nikimwambia yule baba, usipotoa matumizi, siku ya posa ya binti yako hatutakuja kukaa nawe kupokea wageni, atatetemeka kuliko akiletewa hati ya mahakama.

MAMA USTAWI: Nakubali, mzee wangu. Nguvu hiyo sina, na sitaki kuinyang'anya. Lakini umeniambia nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Basi anayelala humo kila siku ni mtoto. Kikao cha Jumapili kimemwita?

MZEE WA UKOO: Mtoto haitwi kwenye kikao cha wakubwa. Ataitwa mwisho, apewe uamuzi na nasaha.

MAMA USTAWI: Hapo ndipo tunapoachana.

Nguvu anayoisema mzee ni ya kweli: kikao cha ukoo si mazungumzo ya hivi hivi tu. Kina mpangilio wake. Kuna anayefungua, kuna anayesema kwa niaba ya upande wa mama na anayesema kwa niaba ya upande wa baba, kuna shangazi anayetumwa ndani kuzungumza na wanawake, kuna faini na kuna kupeana mikono. Mtu aliyesomea kazi ya ustawi wa jamii akikaa pembeni ataona mambo mengi aliyofundishwa darasani. Mwaka 1917 Mmarekani Mary Richmond alichapisha kitabu kilichoijengea kazi hii msingi wake, na fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba huwezi kumwelewa mtu mwenye shida bila kuwaelewa jamaa zake, majirani zake, kazi yake na historia yake. Mzee wa Korogwe hakuhitaji kitabu kujua hilo.

Lakini haraka anayoilalamikia nayo ina sababu.

MAMA USTAWI: Tulipokuwa chuoni Kijitonyama tulifundishwa kwamba familia ikipata pigo, kuna majuma machache ambayo kila kitu kiko wazi. Watu husema mambo ambayo hawajawahi kuyasema, na hukubali msaada ambao mwezi mmoja baadaye wataukataa. Baada ya hapo kila mtu anajipangia namna yake ya kuishi na jeraha, na kumrudisha ni kazi.

Anachokigusa afisa huyu kina historia. Usiku wa tarehe 28 Novemba 1942, klabu ya Cocoanut Grove mjini Boston iliungua na kuua watu 492. Daktari wa magonjwa ya akili, Erich Lindemann, alikaa na walionusurika na waliofiwa, na mwaka 1944 akaandika alichokiona: kwamba huzuni kali ina dalili zake mwilini na moyoni, kwamba ina mwendo wake, na kwamba anayezuiwa kuomboleza mwanzoni huja kuugua baadaye, pengine kwa sura ambayo hakuna atakayeihusisha na msiba. Daktari mwenzake, Gerald Caplan, akaiendeleza kazi hiyo. Alieleza kwamba msukosuko hauwezi kudumu. Kwa kawaida ndani ya wiki 4 hadi 6 familia hupata utulivu wa aina fulani, uwe mzuri au mbovu. Utulivu mbovu ndio wa kuogopwa. Mtoto anakuwa mpole kupita kiasi, halalamiki, hachelewi kutumwa, na watu wazima wanashukuru kwamba ametulia.

Ndiyo maana Desemba 2023, matope na mawe yalipoteremka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh, maafisa ustawi walikuwa miongoni mwa waliopelekwa kule. Blanketi na unga wangeweza kugawa wengine. Kukaa na aliyefukiwa watoto wake, na kumwacha aseme mara kumi jambo lile lile bila kumwambia ajikaze, ni kazi inayosomewa.

Kuna jambo hapa ambalo mzee na afisa wote wawili walilipita, nami naliona kubwa. Kwa kifo tunajua la kufanya. Tuna matanga na siku ya kuyaanua, tuna hitima, tuna arobaini, tuna eda kwa mjane. Jamii nzima inajua nani apike, nani akae na mfiwa, na lini aruhusiwe kucheka tena. Kwa mama aliye hai lakini yuko Muscat, anayeonekana kwenye kioo cha simu dakika 10 na kupotea, hatuna desturi yoyote. Mtoto wake amepoteza mtu ambaye hakufa, na hakuna anayempa pole. Akilia ataambiwa mama yako anakutafutia maisha. Mabadiliko ya familia za leo, kwenda Uarabuni, kwenda migodini, kuachana kwa ujumbe wa simu, yameingia mahali ambapo kikao cha ukoo hakikuandaliwa.

MSAIDIZI WA KISHERIA: Naomba niwasaidie wote wawili, na niwaudhi wote wawili. Mzee, sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inasema mtu haruhusiwi kufungua shauri la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Bodi ya Usuluhishi wa Ndoa na bodi kuthibitisha kwamba imeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Maana yake, bunge lenyewe lilitambua kwamba watu wakae kwanza wazungumze. Lakini hiyo ni ndoa, ugomvi wa watu wazima wawili. Mtoto ana sheria yake ya mwaka 2009. Kifungu cha 11 kinampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika maamuzi yanayomhusu. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aipeleke serikali ya mtaa wake. Yeyote, mzee. Hata wewe.

MZEE WA UKOO: Nipeleke taarifa ya damu yangu?

MSAIDIZI WA KISHERIA: Ya damu yako kwa ajili ya damu yako. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, matokeo yakatolewa 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Sehemu kubwa yao hawakuwahi kumweleza mtu yeyote. Watoto hao hawakuwa wakiishi porini. Walikuwa na wajomba, mashangazi, babu na vikao. Na mimi ninayekaa na mafaili haya nakwambia, neno linaloua mashauri mengi ni hili: tumemalizana kifamilia. Mbuzi katolewa, mikono imepeanwa, shahidi hafiki mahakamani.

MZEE WA UKOO: Sasa unasema mjomba wa mtoto huyu ana jambo.

MAMA USTAWI: Hakuna aliyesema hivyo, na Mungu apishe mbali. Mimi sijui, na wewe pia hujui. Ndiyo maana ninaomba nusu saa na mtoto, peke yetu, kabla ya Jumapili.

MZEE WA UKOO: Ukimtoa mtoto pembeni ukamuuliza utakayo, atakujibu utakayo. Mtoto ni muungwana kwa mgeni.

Huo ni mshale uliolenga. Kumhoji mtoto vibaya ni rahisi, na kumewahi kuharibu watu wasio na hatia. Hapa ndipo ufundi wa kazi unapoonekana, na nimemwachia afisa nafasi aueleze kwa kirefu kwa sababu wengi hudhani kazi ya ustawi ni kujaza fomu za matunzo ya mtoto na kuwatisha akina baba.

MAMA USTAWI: Simuulizi nani amekufanya nini, mzee wangu. Namuuliza, niambie siku yako inavyokwenda, tangu unapoamka. Anaponiambia anaamka saa 10 usiku, simwambii pole wala simuulizi kwa nini; namuuliza, halafu? Namwachia kimya chake. Tunachora pamoja watu wa ukoo wake, vizazi vitatu, aliye hai na aliyekufa, nani yuko karibu na nani, nani haongei na nani. Mtoto asiyeweza kusema "simpendi fulani" atamchora pembeni kabisa ya karatasi. Na kabla ya yote namwambia ukweli mmoja mgumu. Simwahidi kwamba sitamwambia mtu. Namwahidi kwamba kama kuna jambo lazima nilipeleke mbele, atajua yeye kwanza, kutoka kinywani mwangu. Ukimwahidi mtoto siri kisha ukaivunja, hatamwambia tena mtu mzima yeyote.

MZEE WA UKOO: Na akishakwambia?

MAMA USTAWI: Inategemea. Labda ataniambia anaamka saa 10 kukaanga maandazi ya biashara, na usiku wa manane anaamka tena kwa sababu bibi sukari inashuka na hakuna mwingine wa kumpa uji. Anasinzia darasani kwa sababu yeye ndiye muuguzi wa nyumba, na hasemi kwa sababu anaogopa bibi atapelekwa mbali. Hilo haliwezi kutatuliwa na ofisi yangu. Hilo ni lako, mzee. Nani atalala na bibi, nani atakaanga maandazi, baba atoe kiasi gani, mama apigiwe saa ngapi. Nitakaa kwenye kikao kama utaniruhusu, nitaeleza alichokubali mtoto nikieleze, kisha mtaamua. Mimi nitarudi baada ya wiki mbili kuona kama mliyoamua yanafanyika.

MZEE WA UKOO: Na kama ni lile jingine?

MAMA USTAWI: Kama ni lile jingine hakuna kikao. Mtoto anatoka nyumba ile siku hiyo hiyo, anapelekwa hospitali, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linaarifiwa, na tunatafuta familia ya kuaminika ya kumhifadhi, ikiwezekana ndani ya ukoo wenu wenyewe. Kikao kitakuja baadaye, kwa ajili ya bibi, kwa ajili ya mama aliye mbali, kwa ajili ya mtoto kupata mahali pa kuitwa kwao. Lakini hakitajadili kama mkosaji asamehewe.

Mzee alinyamaza. Katika mjadala wa kweli wangenyamaza wengi.

Wako wanaoamini kwamba hekima ya ukoo na elimu ya ofisi haziwezi kukaa chumba kimoja. New Zealand imeonyesha vinginevyo, ingawa kwa kupitia uchungu. Huko, kwa miongo mingi, maafisa wa serikali waliwachukua watoto wa Wamaori, wenyeji wa asili, na kuwapeleka kwenye makao na kwa walezi wageni bila kuwauliza jamaa zao. Mwaka 1986 kamati iliyoongozwa na John Rangihau ilitoa ripoti iitwayo Puao-te-Ata-Tu na kusema wazi kwamba utaratibu huo ulikuwa unawavunja. Mwaka 1989 ikatungwa sheria mpya. Mtoto akiwa hatarini, mratibu huita ukoo mzima, wa upande wa baba na wa mama. Wataalamu hueleza wanachokijua na kiwango cha hatari, kisha hutoka nje ya chumba. Ukoo hubaki peke yake, unakula, unalia, unagombana, unapanga. Unapomaliza huwaita wataalamu na kuwasomea mpango, nao hukubali au huonyesha mahali ambapo usalama wa mtoto haujatimia. Sheria haikumaliza dhuluma. Watoto wa Kimaori bado ni wengi kupita kiasi kwenye uangalizi wa serikali kule. Lakini mfumo huo umeigwa na nchi nyingi. Ona tu mpangilio wake: taarifa kwanza, halafu ukoo, halafu ukaguzi wa usalama. Sisi tuna vikao tayari. Tunachokosa ni hatua ya kwanza na ya tatu.

KIJANA: Naomba na mimi niseme, kwa sababu mnazungumza habari za watu kama mimi. Shikamoo babu. Mimi nililelewa na bibi, baadaye kwa baba mdogo. Siku kikao kinaamua nihame, mimi ndiye niliyekuwa napeleka chai. Niliusikia uamuzi wa maisha yangu nikiwa nimeshika sinia mlangoni. Hawakuwa watu wabaya. Walinipenda, na walikosea nyumba. Kama kuna mtu angeniuliza siku moja kabla, ningesema nipelekeni kwa shangazi.

MZEE WA UKOO: Ungesema kwa nini?

KIJANA: Ningesema kama tungekuwa wawili, babu. Siyo mbele ya wazee kumi na watatu. Lakini na wewe, mama, usijione umeshinda. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilikwenda ofisi ya ustawi mwenyewe. Chumba kimoja, meza tatu, akina mama wanne kwenye benchi wanasubiri matunzo. Nikaulizwa shida yangu mbele yao. Nikasema nimekuja kuuliza habari za bima. Niliporudi mara ya pili afisa alikuwa amehamishwa, na faili langu halikujulikana liko wapi.

MAMA USTAWI: Siwezi kubisha, mwanangu. Meza hiyo naijua.

Ofisi ndiyo sehemu dhaifu ya hoja ya afisa, na lazima isemwe kwa sauti. Tunamtaka afisa ustawi awe sikio la mnyonge, kisha tunamnyima mlango wa kufunga. Tunamtaka arudi baada ya wiki mbili, hatumpi pikipiki wala nauli. Akiwa halmashauri anawajibika TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Sera na miongozo ya kazi yake inatoka wizara nyingine, ile ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum iliyoundwa Januari 2022. Bajeti inapopungua, ustawi haupigiwi kelele kama barabara. Upungufu wa maafisa hawa serikali yenyewe imekuwa ikiukiri, huku vijana waliohitimu Taasisi ya Ustawi wa Jamii wakikaa nyumbani wakisubiri ajira.

MZEE WA UKOO: Kwa hiyo wewe huna mlango, na mimi sina mafunzo. Je, mzee hawezi kufundishwa?

MAMA USTAWI: Anaweza, na imethibitika. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikosa chumba na alikosa wauguzi. Akabaki na akina bibi wa mtaani. Akawafundisha kusikiliza, kumsaidia mtu achague tatizo moja analoweza kulianza, na kumrudia. Wakakaa kwenye benchi za mbao nje ya zahanati. Jaribio lao kwenye zahanati 24, lililohusisha watu 573, lilichapishwa mwaka 2016: waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini sikiliza, mzee wangu, bibi hao walifundishwa, walikuwa na msimamizi, na walijua ni mgonjwa gani si wa benchi yao, apelekwe mbele.

MZEE WA UKOO: Basi nifundishe la kwanza.

MAMA USTAWI: La kwanza, Jumapili usianze kikao kabla sijamaliza na mtoto.

MZEE WA UKOO: Njoo kesho asubuhi. Bibi atakuwa zahanati kuchukua dawa, na mjomba nitamtuma sokoni.

Msimamo wangu ni huu. Kikao cha ukoo kiendelee, kwa sababu afisa atahamishwa na ukoo utabaki. Lakini kikao chochote kinachomhusu mtoto kisifunguliwe kabla ya mtu wa nje, aliyefundishwa, kumsikiliza mtoto huyo faraghani. Na jinai ikishatajwa, mamlaka ya kusuluhisha yaishe hapo hapo. Anayesema hilo linavunja heshima ya wazee amsikilize yule kijana mwenye sinia.

Madiwani wanaosoma haya: kata yenu ikijenga ofisi mpya, afisa ustawi apewe chumba chake chenye mlango na kabati lenye kufuli, na nauli yake iwekwe kwenye bajeti kwa jina. Nawe msomaji, kama kuna mtoto jirani yako aliyenyamaza ghafla, usisubiri uwe na uhakika. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, hailipiwi.